Halmashauri huuliza wakazi, jibu halirudi mtaani

KILA mwaka, kati ya Novemba na Machi, halmashauri 184 za Tanzania hushika kazi ileile ya kuandaa mpango na bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai Mosi. Kwa mujibu wa karatasi, kazi hiyo huanzia chini. Wakazi wa kijiji au mtaa hukutana, hutaja shida zao na kuzipanga kwa uzito wake, kisha orodha yao hupanda ngazi. Hupita katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, kamati za kudumu za halmashauri, Baraza la Madiwani, sekretarieti ya mkoa, TAMISEMI na Hazina, hadi ifike bungeni. Ni nadra kukuta kitabu cha bajeti cha halmashauri ambacho hakisemi, katika kurasa zake za mwanzo, kwamba wananchi wameshirikishwa.

Sasa muulize mkazi wa Manzese, Buguruni au Mbagala alishirikishwa lini. Atakumbuka mkutano wa kuchangia ulinzi shirikishi. Atakumbuka pia siku mtendaji wa mtaa alipopita kutangaza ada mpya ya taka. Pengine atakumbuka mkutano wa Jumapili katika uwanja wa shule ya msingi, ambapo wakazi walisema wazi kuwa shida yao ya kwanza ni mtaro uliojaa mchanga na ya pili ni zahanati isiyo na maabara. Asichokumbuka ni mtu yeyote kurudi kumweleza orodha ile iliishia wapi.

Hapo ndipo penye tatizo. Mjadala wetu kuhusu ushirikishwaji umekuwa ukiuliza kama wananchi wanaulizwa au hawaulizwi. Ukweli ni kwamba mara nyingi wanaulizwa. Wanaulizwa kabla hujajulikana kiasi cha fedha kilichopo, fedha zikijulikana uamuzi hufanywa mahali pengine, na hakuna ofisi inayolazimika kuwarudishia jibu. Mtu aliyeulizwa mara tatu asijibiwe hata mara moja, mara ya nne haji mkutanoni, na hapo viongozi husema wananchi wa siku hizi hawana mwamko.

Tuanze na historia kwa ufupi, maana wengi wa wasomaji wetu hawakuwapo. Mwaka 1972 Serikali ilifuta serikali za mitaa na kuweka mahali pake mfumo wa Madaraka Mikoani, ambao pamoja na jina lake zuri ulikuwa utawala wa maofisa wa Serikali Kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Miji ndiyo iliyoanza kulipa gharama. Mabomba, mitaro na barabara zake ziliharibika kiasi kwamba halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978. Sheria za mwaka 1982, Namba 7 kwa mamlaka za wilaya na Namba 8 kwa mamlaka za miji, zikaweka msingi wa mfumo tulio nao, na halmashauri zikarejea rasmi nchi nzima mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kama angepewa nafasi ya kuanza upya, asingezifuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Katiba nayo, katika Ibara ya 146, inasema shabaha ya kuwapo kwa serikali hizi ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Sheria hizo mbili zilizaliwa siku moja lakini hazikuwapa watoto wao urithi sawa. Jambo hili halisemwi sana, na ndilo linalomhusu moja kwa moja mkazi wa mjini.

Kijiji kilichoandikishwa ni chombo chenye nafsi yake mbele ya sheria. Kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wote waliofikisha miaka 18, ndio wenye kauli ya juu kabisa katika sera za kijiji, na hupaswa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliuongezea uzito. Mwekezaji akiomba ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250, mkutano huo ndio unaokubali au kukataa. Kwamba vijiji vingine vimerubuniwa au kutishwa ni kweli, lakini ngao ipo na mahakama zinaitambua.

Mtaa hauna ngao hiyo. Kwa sheria ya miji, kamati ya mtaa kazi yake ni kutekeleza sera za halmashauri, kuishauri halmashauri kuhusu mipango ya maendeleo, kuishauri kamati ya kata kuhusu amani na usalama, na kutunza kumbukumbu za wakazi. Kushauri si kuamua. Mtaa hauna bajeti yake, na mtendaji wake ni mwajiriwa wa mkurugenzi. Mwenyekiti amechaguliwa na watu, lakini muhtasari wa mkutano huandikwa na mtu ambaye ajira yake iko halmashauri. Kwa hiyo mkulima wa kijiji cha Kilosa, kwa maandishi ya sheria, ana sauti kubwa juu ya huduma zake kuliko mfanyabiashara wa Sinza, ingawa huyu wa Sinza ndiye anayelipa ada ya taka na ushuru wa maegesho, na anakutana na tozo ya halmashauri kila anapogeuka.

Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Dar es Salaam ina watu 5,383,728. Hao wote wanaishi katika mitaa.

Turudi kwenye utaratibu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika mageuzi ya serikali za mitaa yaliyokuwa yakiendelea wakati huo, ulianzishwa mfumo wa kupanga uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Lilikuwa wazo zuri. Wawezeshaji kutoka halmashauri walipiga kambi kijijini kwa siku tisa, wakachora ramani pamoja na wakazi, wakazungumza na wanawake peke yao na vijana peke yao, wakaorodhesha fursa zilizopo kabla ya kuorodhesha vikwazo. Mwisho wa siku hizo kijiji kilikuwa na mpango wake wa miaka mitatu, na watu walikuwa na matumaini.

Kilichofuata kinajulikana kwa kila aliyefanya kazi katika idara ya mipango ya halmashauri. Mpango ulipofika wilayani ulikutana na ukomo wa bajeti uliotoka Hazina, na ukomo huo ulikuwa umekwisha kugawanywa. Sehemu kubwa ni mishahara. Inayobaki ina masharti, hii ya elimu, hii ya afya, hii ya maji, na kila moja ina mwongozo wake wa kitaifa. Fedha ambazo halmashauri inaweza kuzipeleka pale wakazi waliposema ni zile za mapato yake ya ndani, nazo katika halmashauri nyingi ni kidogo. Orodha ya kijiji ikawa kama barua ya mahitaji aliyoandikiwa mjomba wa mjini ambaye mshahara wake umekwisha tangu tarehe 10.

Mapato hayo ya ndani nayo yamekuwa yakipunguzwa na maamuzi ya juu. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa. Hakuna aliyeililia, maana ilikuwa kodi ya kichwa iliyowakimbiza watu maporini, ila halmashauri zilibaki zikisubiri fidia kutoka Serikali Kuu. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Agosti 2021 kodi hiyo ikaanza kukatwa kupitia LUKU, na wapangaji wakajikuta wanalipa kodi ya nyumba zisizo zao, huku Serikali ikiwaelekeza wadaiane na wenye nyumba. Duniani kote kodi ya jengo ndiyo inayomfunga mwenye nyumba na halmashauri yake. Analipa, kisha anauliza mtaro wake uko wapi. Mkazi wa Dar es Salaam anailipa anaponunua umeme, na hajui amuulize nani.

Ipo pia ile asilimia 20 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutakiwa kuirejesha ngazi ya chini ili iendeshe ofisi zake na kutekeleza japo jambo moja dogo lililoamuliwa na wakazi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeeleza mara nyingi kuhusu halmashauri ambazo hazikuzirejesha kabisa au zilirejesha pungufu. Ukitaka kujua kwa nini mwenyekiti wa mtaa anatoza fedha kwa kugonga muhuri kwenye barua ya utambulisho, anza hapo. Ofisi haina karatasi.

Ni haki kusema kwamba si kila huduma njema hutokana na mashauriano. Mwaka 2021 Serikali ilitumia mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa kujenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa muda wa miezi michache. Hakuna mtaa ulioulizwa kama unataka darasa. Uamuzi ulitoka juu, ramani ilitoka juu, tarehe ya kumaliza ilitoka juu, na Januari 2022 watoto wengi waliingia katika vyumba vyenye sakafu na madirisha. Mzazi ambaye mtoto wake aliketi kwenye dawati jipya hatakuwa na subira na mchambuzi anayemwambia hakushirikishwa. Pale ambapo shida ni moja na ni dhahiri, amri ya haraka inaweza kuwa huduma bora kuliko vikao kumi.

Lakini huduma nyingi za mjini haziko hivyo. Darasa ni darasa popote, ila soko, mtaro, dampo na kituo cha mabasi hufaa au hushindikana kwa sababu ya mahali vilipo na tabia ya watu wanaovitumia, na ujuzi huo hauko katika ofisi ya mhandisi.

Jengo la Machinga Complex, karibu na Karume katika Ilala, ni ushahidi ambao kila mkazi wa Dar es Salaam ameupita kwa miguu. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 2000 kwa mkopo wa NSSF ili wafanyabiashara ndogondogo waondoke barabarani. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vizimba vyake ilibaki bila watu, huku barabara za jirani zikifurika bidhaa. Machinga yeyote angeweza kueleza sababu kabla ya tofali la kwanza. Biashara yake inategemea mpita njia, naye mpita njia hapandi ghorofa kununua soksi. Mkopo ulibaki ukidaiwa.

Mfano wa pili ni Jangwani. Huduma ya mabasi yaendayo haraka ilipoanza Mei 2016, yadi na karakana yake viliwekwa katika bonde la Msimbazi, ambako kila mzee wa Magomeni, Kigogo au Kariakoo anajua maji hupita. Mafuriko ya Desemba 2011 yalikuwa yameua watu katika bonde hilohilo, na Serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande. Yadi ikajengwa hata hivyo. Mvua zilipokuja, maji yaliingia, mabasi yakaharibika, na mara kadhaa huduma ikasimama kwa siku nzima au zaidi, abiria wa Kimara wakirudi kwenye daladala. Sidhani kama kuna mtaalamu aliyeketi siku moja na akina mama wanaouza samaki pale darajani na kuwauliza maji hufika wapi.

Somo hilo halikupotea lote. Mwaka 2018 mpango wa kulirekebisha bonde la Msimbazi uliandaliwa kwa mfululizo wa warsha zilizowaweka meza moja wahandisi, maofisa wa halmashauri, vyuo na wakazi wa bondeni, na Benki ya Dunia baadaye ikaidhinisha fedha za mradi. Kabla yake, kuanzia 2015, kazi ya Ramani Huria iliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zinazofurika kuchora mitaro, kalvati na vichochoro ambavyo havikuwa katika ramani yoyote ya Serikali. Ilionekana kwamba mkazi, akiulizwa swali mahususi kuhusu jambo analolijua, hujibu kwa usahihi wa kushangaza. Anaposhindwa ni pale anapoulizwa swali pana kama vipaumbele vyake ni vipi, maana hapo hana njia isipokuwa kutaja kila kitu.

Mfano bora zaidi ni wa zamani, na ajabu ni kwamba haukufuatwa na wengi. Katika miaka ya 1990 mtaa wa Hanna Nassif, Kinondoni, ulikuwa ukifurika kila masika. Kuanzia mwaka 1994, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na Umoja wa Mataifa, wakazi waliunda umoja wao, umoja huo ukaingia mkataba wa kujenga mitaro na barabara, na watu wa mtaa wenyewe, wanawake wengi wakiwamo, wakafanya kazi hiyo kwa ujira. Kilichotofautisha Hanna Nassif hakikuwa idadi ya vikao. Wakazi walijua kiasi cha fedha, waliona mkataba, na aliyeulizwa maoni Jumamosi aliona mtaro ukichimbwa Jumatatu. Mradi uliofuata katika makazi yasiyopimwa ya Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2005, ulichukua sehemu ya mafunzo hayo. Wakazi walichagua wenyewe kati ya barabara, mitaro, taa au vyoo vya umma, na wakachangia sehemu ya gharama. Fedha za mfadhili zilipokwisha, utaratibu nao ulikwisha. Haukuingizwa katika bajeti ya kawaida ya halmashauri.

Siku hizi neno linalosikika zaidi mitaani ni kuchangia. Mfumo wa Fursa na Vikwazo umeboreshwa kwa msaada wa Japani, na toleo hilo linasisitiza jitihada za jamii, yaani wananchi waanze na halmashauri imalizie. Kwa vijiji na mitaa yenye mshikamano ni jambo lenye manufaa. Hatari yake ni kwamba kuulizwa kunageuka kuwa kudaiwa. Nchi ina maboma mengi ya madarasa na zahanati ambayo wananchi waliyainua hadi kwenye renta, wakisubiri bati la halmashauri ambalo halikuja kwa miaka. Boma la namna hiyo ni jibu pia, na watu wanalisoma vizuri kila wanapolipita.

Kuna swali la nani hasa huja mkutanoni. Mkutano wa mtaa huitishwa mchana wa mwisho wa wiki, au jioni ya siku ya kazi kabla daladala hazijamrudisha mtu nyumbani. Wapangaji, ambao katika mitaa mingi ya Dar es Salaam ni wengi, huona kwamba hayo ni mambo ya wenye nyumba, na wenye nyumba hawakatai dhana hiyo. Mama anayekaanga mihogo hawezi kufunga jiko. Matokeo yake ni kwamba shida za maji ya bomba na barabara ya gari hutajwa kwanza, na choo cha pamoja cha wapangaji 12 hakitajwi kabisa. Hata anayetaka msaada mara nyingi huanzia kwa mjumbe wa nyumba kumi, ambaye ni kiongozi wa chama wala si wa Serikali, kwa kuwa huyo ndiye anayemjua kwa jina.

Siasa haijasaidia. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 24, 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao. Katika ule wa Novemba 27, 2024 vilishiriki, vikatoa malalamiko yaleyale, na CCM ikatangazwa mshindi wa zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Tuache kwa leo hoja ya nani alimwibia nani. Kwa suala la huduma athari ni ya moja kwa moja. Mwenyekiti wa mtaa, diwani na uongozi wa halmashauri wakiwa wa chumba kimoja, mtu wa kusimama katika kikao cha kata akauliza mtaro wa mwaka juzi umefikia wapi anakuwa adimu. Si kwamba hayupo kabisa. Wapo wenyeviti wa chama tawala wanaopambana na wakurugenzi wao hadi jasho linawatoka. Lakini hawana kitu cha kushika mkononi, sheria wala fedha.

Jirani zetu wa Kenya walichagua njia ya sheria, na inafaa kuitazama bila husuda wala dharau. Kabla ya Katiba ya 2010 mabaraza yao ya miji yalikuwa, tangu 2001, na mpango wa kushauriana na wakazi uliofungamana na fedha za ruzuku. Baraza lisilotimiza masharti lilihatarisha mgawo wake. Katiba mpya iliufanya ushiriki wa umma kuwa sharti, na kaunti 47 zilizoanza kazi mwaka 2013 zilijifunza hilo kwa machungu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa wakazi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alieleza kwamba tangazo la kutimiza wajibu tu halitoshi, bali wananchi wafuatwe walipo: makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na redio za lugha zao.

Kaunti ya Makueni ilikwenda mbali zaidi. Vikao vyake huanzia kijijini na kupanda kwa ngazi hadi kaunti, na kila mradi huwa na kamati iliyochaguliwa na wakazi ambayo ni lazima iridhike na kazi kabla mkandarasi hajalipwa. Hiyo saini ndiyo inayowatoa watu majumbani.

Si kwamba Kenya imemaliza. Kaunti nyingine hufanya vikao vya haraka hotelini, watu wakatia saini ya mahudhurio, wakanywa soda na kuondoka. Mahakama zenyewe zimetofautiana kuhusu ushiriki unaotosha ni upi. Julai 2024 Mahakama ya Rufani ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 kwa hoja hiyo, na Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo. Mjadala huo utaendelea. Tofauti ni kwamba mkazi wa Kiambu ana mahali pa kuupeleka.

Kwetu, sheria inazitaka halmashauri zitangaze rasimu ya sheria ndogo ili wakazi watoe maoni au pingamizi kabla haijapitishwa. Tangazo hubandikwa kwenye ubao wa halmashauri, pengine na katika ofisi ya kata, kwa lugha ya kisheria, na muda unapita. Mkazi huijua sheria ndogo siku mgambo anapomshika. Tangu mwaka 1994, Jiji la Dar es Salaam lilipoanza kuwapa makandarasi binafsi kazi ya kuzoa taka, ugomvi kati ya nyumba na wazoa taka umekuwa uleule. Mkandarasi anadai hawalipi, nao wanasema haji. Mkataba wake na halmashauri, wenye siku za kuja na adhabu ya kutokuja, hauko mikononi mwa wanaolipa. Kama nakala yake ingesomwa katika mkutano wa mtaa, na malipo ya mkandarasi yakategemea uthibitisho wa kamati ya mtaa kwamba gari lilifika, ugomvi huo ungepungua bila faini wala mgambo. Si jambo la kubuni, kwa kuwa Makueni hufanya hivyo kwa visima na zahanati.

Mageuzi makubwa zaidi, yaani kuupa mtaa nafsi ya kisheria na fungu lake, yanahitaji Bunge kuigusa Sheria Namba 8, na yatakutana na hofu ya kweli. Dar es Salaam imewahi kuvunjiwa halmashauri yake mwaka 1996 ikaongozwa na tume hadi 2000, na Februari 2021 Rais Magufuli akalivunja Jiji na kuipandisha Ilala. Mamlaka zilizozoea kupanga na kupangua kutoka juu hazitakimbilia kugawa madaraka kwa mitaa zaidi ya 4,200.

Jibu, hata hivyo, halihitaji sheria mpya. TAMISEMI inaweza kuagiza kwa waraka kwamba kila halmashauri, bajeti yake ikishapitishwa, iupelekee kila mtaa ukurasa mmoja wenye mambo matatu: mlichoomba, kilichoingizwa kwenye bajeti na kiasi chake, na kilichoachwa pamoja na sababu. Ukurasa huo ubandikwe kwenye ofisi ya mtaa kabla ya Julai kumalizika, na mkutano unaofuata wa mtaa uanze kwa kuusoma kabla ya kuomba orodha mpya. Takwimu zote zinazohitajika ziko tayari kwenye kompyuta za maofisa mipango. Baadhi ya majibu yatakuwa mabaya. Mkazi wa Mbagala ataambiwa mtaro wake haumo, na haumo kwa sababu fedha zimekwenda kwenye barabara ya kata nyingine. Atakasirika, na mwaka ujao atakuja mkutanoni akiwa na karatasi hiyo mkononi.